Siku Niliyosema Upepo Badala ya Hewa

Walimu wenzangu wa sayansi mnaobaki na chaki, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini, eti yatawasaidia. Basi nimekaa hapa kibarazani kwangu Pangani, Kibaha, wiki ya tatu tangu nistaafu, na nimegundua kwamba mstaafu ana kazi mbili tu asubuhi: kumwagilia mchicha na kupokea simu za watu wanaouliza kama ameshazoea. Sijazoea. Ndiyo maana naandika. Vyeo sitavigusa, kwa sababu vyangu vyote vinaenea kwenye sentensi moja na sentensi yenyewe haina ladha. Nitaandika habari za fizikia na mpira wa wavu, vitu viwili nilivyofundisha miaka mingi, kimoja nikiwa nakijua na kingine nikiwa sikijui.

Nilifika Kisarawe nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Upare, nimepanda lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu upande wa Masaki, ile ya huko huko Kisarawe. Tupu maana yake halina magunia. Vumbi la mkaa lilikuwemo lote. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe kwa ajili ya kuripoti. Mkuu wa shule alipotoka ofisini alinitazama, akalitazama lori, akaniambia kwa upole kabisa kwamba wauza mkaa wanapitia geti la nyuma. Nilipompa barua yangu ya kupangiwa kazi aliomba radhi, akanikaribisha kiti, kisha akakifunika kiti kwa gazeti kabla sijakaa.

Alikuwa mtu wa kuuliza na kujijibu. "Wewe ni wa fizikia? Wa fizikia. Fizikia si ndiyo mambo ya mpira kuruka na kudunda? Ndiyo. Basi na timu ya wavu ya wasichana ni yako." Nikamweleza kwamba kwetu milimani mpira ukidunda haurudi, unaelekea kijiji cha chini, kwa hiyo sijawahi kucheza mchezo wowote wa mpira. Tena urefu wangu ni mita moja na nusu, nikiwa na viatu. Akasema wewe utafundisha, kucheza watacheza wao.

Jioni ile ile nilikwenda uwanjani kujitambulisha. Nikaona ni vizuri niwaonyeshe wasichana namna ya kuanzisha mpira, maana nilikuwa nimesoma kwenye kitabu njia nzima. Nikaurusha juu, nikaupiga. Ukaenda nyuma. Mpaka leo sina maelezo ya kisayansi. Nilikuwa nimeutazama wavu, mkono umeelekea kwenye wavu, na mpira ukaenda nyuma yangu, ukaingia jikoni na kutua kwenye sufuria la maharage. Wasichana walikula maharage yale wakinitazama mmoja mmoja. Tangu siku hiyo sikuanzisha tena mpira mbele ya macho ya mtu kwa miaka ishirini na miwili.

Aliyeniokoa ni Bwana Chaurembo, mtunza stoo. Ujanani alikuwa amecheza wavu jeshini, na alijua kwa mikono yake kila kitu nilichokijua mimi kwa kanuni. Tabu yake ilikuwa moja: alitunza vifaa vya shule kama mtu anayeficha binti zake. Sindano ya kujazia mpira aliifunga kwa uzi kwenye fungu la funguo, na funguo ziko kiunoni, kwa hiyo ukitaka kujaza mpira unajaza ukiwa umemwinamia Bwana Chaurembo kiunoni. Wageni waliotembelea shule yetu walipata shida kuelewa.

Mara ya kwanza nilijaza mpira mpaka ukalia kama kopo. Wasichana wakacheza nusu saa tu, mikono yote imevimba, myekundu. Chaurembo akaupokea mpira, akaubonyeza kwa gumba, akaniuliza, "Mwalimu, huu tunaucheza au tunajengea?" Akanifundisha kwanza kulowesha sindano kwa mate, kwa sababu ikiingia kavu inachana vali, na vali ikichanika mpira wote umekwisha. Kisha akautoa hewa kidogo kidogo, anabonyeza, anasikiliza. Alisema mpira wa wavu ukiubonyeza uwe kama embe la kesho: si la leo, si la wiki ijayo. Nimewahi kushika vipimo vya mgandamizo wa hewa vya kila aina tangu hapo, na vyote vinakubaliana na lile embe.

Fizikia ya kupokea mpira nilikuwa naifundisha ubaoni. Mpira unakuja kwa kasi, lazima usimame. Ukiusimamisha kwa muda mfupi kani inakuwa kubwa, ukiurefusha muda kani inapungua. Wasichana walinakili vizuri sana, wakatoka nje, wakausimamisha mpira kwa mikono iliyokakamaa kama mbao. Chaurembo akaenda jikoni akarudi na trei ya mayai mabichi. Akampa kila mmoja lake, akawaambia warushiane. Atakayelivunja atalifua mwenyewe kwenye sare. Ndani ya dakika kumi walikuwa wanakunja magoti, wanarudisha mikono nyuma, wanalipokea yai kama mtoto mchanga. Nikamwambia hiyo ndiyo kanuni yangu niliyoiandika ubaoni. Akaniambia, "Kanuni yako haina mayai." Kuanzia mwaka ule mada hiyo naifundisha kwa mayai, na mke wa mkuu wa shule, mwenye kuku, alikuwa akiniona napita anaita kuku wake ndani.

Mada iliyonitia matatani zaidi ilikuwa ya kazi. Mnajua wenyewe: kwenye fizikia, kama kitu hakijasogea, kazi haijafanyika. Nguzo zetu za wavu zilikuwa za miti na mchwa walizila, kwa hiyo wavulana wawili warefu walikuwa wanashika kamba za wavu, mmoja huku na mwingine kule, mpaka mazoezi yaishe. Siku moja walipoitwa kunywa uji wa wachezaji, mpishi akawaambia wao hawachezi. Wakaja kwangu kulalamika. Na mimi, bila kufikiri, nikawakumbusha kwamba kwa sababu wavu haukusogea, kifizikia hawakufanya kazi yoyote. Kesho yake hakuna aliyeshika wavu. Na aliyepewa adhabu ya kubeba ndoo alisimama nayo kichwani palepale alipo, akasema anasubiri mwalimu wa zamu athibitishe kama ni kazi. Mkuu akaniita. "Madam, hii mada ina ulazima? Ina ulazima. Basi ifundishe siku ya kufunga shule."

Nilipaswa kujifunza hapo. Maneno ya fizikia ni maneno ya watu. Sisi tumeyaazima tu: kazi, nguvu, uzito, mwendokasi, ambao siku hizi ukiutaja darasani nusu ya wanafunzi wanafikiria mabasi ya Dar es Salaam. Mwenye neno anaweza kulidai wakati wowote. Mimi sikujifunza. Wanafunzi walikuwa wameshanibatiza Madam Kani, wengine kwa sababu ya kani ya ubaoni na wengine kwa sababu nikibishana sirudi nyuma.

Sasa nije kwenye habari ya Zaituni, maana ndiyo hasa mnayoitaka.

Zaituni alikuja kwetu kutoka Kurui, binti mwembamba, mkimya, mikono mirefu mpaka alikuwa anajikuna goti bila kuinama. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alilima mihogo, na alimwacha akae bwenini kwa sharti kwamba mimi, mwalimu mwanamke, nitamwangalia. Darasani alikuwa anauliza maswali machache na yote yanauma. Nilimpenda waziwazi, sitaficha.

Chaurembo ndiye aliyeuona mkono wake. Alisema mtoto huyu asipige mpira kwa nguvu, agonge. Agonge kwa kisigino cha kiganja, katikati kabisa ya mpira, kisha mkono usimame hapo hapo. "Gonga kama unabisha hodi kwa mkwe," alimwambia. "Mara moja, kwa adabu, na mkono unarudi." Mpira ukigongwa hivyo unakwenda bila kuzunguka hata kidogo. Na mpira usiozunguka, walimu wenzangu, hauna msimamo. Hewa inaupitia pande zote, upande mmoja inabanduka mapema, upande wa pili inachelewa, na mishono ya mpira inazidi kuivuruga. Sasa mpira unasukumwa kulia, mara kushoto, mara unazama ghafla. Mpokeaji anakunja magoti hapa, mpira unatua pale. Tulifanya mazoezi miezi minane. Zaituni alikuwa anagonga mipira mia kila jioni, na mimi nimekaa kwenye ndoo nahesabu ile isiyozunguka.

Akiwa kidato cha nne, timu yetu ilifika fainali ya mashindano ya shule, Kibaha. Wapinzani walikuwa warefu, wana viatu vinavyofanana, na chupa za maji zenye majina. Wakatuongoza mpaka zamu ya Zaituni kuanzisha ilipofika. Akagonga. Mpira ukavuka wavu, ukamwendea dada mmoja kifuani, na alipoinua mikono ukamkwepa, ukatua begani kwa mwenzake. Akagonga tena. Pointi kumi na moja mfululizo. Mwishoni walikuwa hawaupokei tena, wanaukimbia, na mmoja alijificha nyuma ya refa. Tukashinda. Tulikuwa bado tunakumbatiana pale mwalimu wa wale wapinzani alipopeleka malalamiko: mpira umetiwa dawa.

Kamati ikakaa saa ile ile, darasani, meza mbili zimeunganishwa na kitambaa juu. Mwenyekiti alikuwa bwana mstaarabu. Katibu alikuwa mzee mwenye baraghashia, mwenyeji wa pwani, mwandiko wake mzuri ajabu. Mimi niliingia nikiwa na furaha. Fikirini: miaka ishirini na miwili nafundisha fizikia, na hatimaye kuna watu wazima wananiuliza swali la fizikia kwa hiari yao.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "tueleze tu. Ule mpira unatikisika kwa sababu gani?"

"Ni upepo, mheshimiwa," nikasema. "Mpira ule unapigwa na upepo."

Kalamu ya katibu ikasimama. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti.

"Upepo gani?" akauliza yeye.

"Upepo wa kawaida tu, mzee wangu. Upo kila mahali. Hata humu ndani tulimokaa umejaa."

Mjumbe mmoja akasogeza kiti chake karibu na mlango. Nikaona wanaanza kuvutiwa na mada.

"Na huyu mtoto," katibu akauliza taratibu, "huo upepo anautumia?"

"Anautumia vizuri sana. Nimemfundisha mimi mwenyewe, miezi minane, kila jioni."

"Na wewe ulifundishwa na nani?"

"Bwana Chaurembo, mtunza stoo wetu. Yuko hapo nje. Yeye anao uzoefu wa tangu jeshini." Nikaona niongeze mfano. "Hata ndani ya mpira wenyewe umo. Huwa tunauingiza sisi kwa sindano, na kabla ya kuichoma tunailamba."

Walinishukuru. Mwenyekiti hakunipa mkono. Nilitoka nje nikamwambia Chaurembo kwamba wameelewa kila kitu.

Aliyenifungua macho ni Mwalimu Tatu, wa Kiswahili, mzaliwa wa Kisarawe na rafiki yangu wa kula sahani moja. Barua ya kamati ilipofika shuleni aliisoma akiwa amesimama, akamalizia akiwa amekaa chini. Ilisema kwamba mwalimu amekiri mbele ya kamati kuwa mpira ulipigwa na upepo, kwamba upepo huo anao mwanafunzi Zaituni, na kwamba alipewa na mwalimu huyo akishirikiana na mtunza stoo. Mechi irudiwe, mwanafunzi asicheze, na nakala ya barua iende kwa mzazi.

"Ndiyo nilichosema," nikamwambia. "Kosa liko wapi?"

Tatu alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa pindo la kanga. "Shoga yangu, huku mtu akipigwa na upepo hapelekwi kivulini. Anapelekwa kwa fundi, akapungwe. Umewaambia mtoto ana pepo."

Nikamwambia kwetu Upare upepo ni upepo, unaezua bati na kuondoka zake.

"Kwenu," akasema Tatu. "Huku ungesema hewa. Neno moja tu, hewa, na mngerudi na kombe."

Kombe sikulijali. Kilichonitoa jasho ni nakala ya mzazi. Mama Zaituni alifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki, amejifunga kanga mbili, uso umekaza. Akaniamkia kwa heshima, shikamoo mwalimu, kama siku zote, na heshima ile ikanichoma kuliko matusi. Alisema amekuja kumchukua mwanawe. Fundi amemwambia apumzishwe ndani siku arobaini, apungwe, na pepo akikataa kutoka basi shule basi, mtoto atabaki nyumbani walime. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki wiki tano.

Nikaanza kueleza. Akaninyanyulia kiganja. "Mwalimu, nilikuachia mtoto mzima."

Zaituni alitoka bwenini na sanduku lake. Hakulia. Aliniambia, "Madam, mimi nataka kufanya mtihani tu. Nifanyeje?" Yeye na mama yake wakapakizwa nyuma ya dereva wa pikipiki, sanduku katikati, wakaondoka. Niliingia maabara nikafunga mlango nikalia, na nilistahili kulia. Mtoto alikuwa hajafanya kosa lolote isipokuwa kunisikiliza vizuri.

Mechi ilirudiwa, tukafungwa vibaya, hata sikumbuki pointi. Siku ya tatu nilimfuata Chaurembo stoo nikamwambia twende Kurui. Akaniuliza tunaenda kusema nini. Nikasema tutasema hewa. Akachukua mpira, akaubonyeza kwa gumba, akaniinamisha kiunoni kwake tukaongeza kidogo, tukatafuta pikipiki mbili.

Tulimkuta Mama Zaituni uani anaanika makopa ya mihogo kwenye ungo, na fundi amekaa kwenye mkeka pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa kutisha. Alikuwa bibi mnene mwenye miwani ya kusomea, na simu yake iliita mara mbili kabla hatujamaliza kusalimiana. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, karibuni mkeka. Zaituni alikuwa ndani. Nikamwona kwenye upenyo wa mlango, daftari lake la fizikia limelala mapajani mwake. Mama yake alidhani ni msahafu wa shule.

Nilieleza kwa robo saa. Nikasema hewa inapita huku, inabanduka kule, mpira unasukumwa. Neno upepo sikuligusa hata kwa bahati mbaya. Chaurembo alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nikivuta pumzi.

Mama Zaituni akageuza makopa yake. "Juzi ulisema upepo. Leo unasema hewa. Wiki ijayo utasema nini, mwalimu?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaniuliza yeye.

"Hiyo hewa yako ni ya kila mtu?"

"Ya kila mtu, bibi."

"Basi mtu mwingine yeyote akiupiga mpira huo kama alivyofundishwa mtoto, utayumba vilevile?"

Walimu wenzangu, nimekaguliwa na wakaguzi wengi katika utumishi wangu, wenye mafaili na wenye magari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nikasema ndiyo bibi, mtu yeyote.

"Haya. Piga wewe."

Nikamtazama Chaurembo. Wiki mbili nyuma alianguka kwenye ngazi ya stoo, bega lake la kulia lilikuwa limefungwa kanga. Akatazama pembeni, akaanza kusifia mihogo.

Walifungua kamba ya kuanikia nguo wakaipandisha juu, ikawa wavu. Nikasimama upande wa jikoni. Majirani walishaanza kuja, maana habari ya mwalimu wa shule kupiga mpira uani kwa mtu haikai ndani ya nyumba. Nikaurusha, nikapiga. Ukagonga ukuta nyuma yangu. Kweli, nyuma, kama ule wa maharage. Mama mmoja akasema pole. Wa pili ulikwenda mbele, angalau, lakini chinichini, ukamwondoa jogoo aliyekuwa amesimama na mambo yake. Nilijua nikikosa wa tatu siondoki na mtoto, na wiki tano zile zitakwisha yeye akiwa amefungiwa ndani kwa sababu ya ulimi wangu.

Ndipo Zaituni akatoa kichwa mlangoni. "Madam," akasema, "usiusindikize mpira. Gonga, simama."

Mama yake akamwambia arudi ndani. Akarudi. Mimi nikautazama mpira, nikatafuta katikati yake, nikafikiria mlango wa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke aliyeniogopesha kuliko kamati yoyote. Nikagonga mara moja, kwa adabu, mkono nikausimamisha.

Ukavuka kamba. Haukuwa unazunguka, niliona kabisa maandishi yake yametulia. Ukaelekea kwa Mama Zaituni, na alipokwepa kulia ukaenda kulia naye. Akakwepa kushoto, ukaghairi tena, ukayumba juu ya mkeka, ukazama ghafla ndani ya ungo, makopa yakaruka pande zote. Nikainua mikono kushangilia.

Mama Zaituni akanitazama kwa huruma ya kweli. "Fundi," akasema, "na huyu naye anao."

Majirani wakaguna kukubali. Nilikuwa nimethibitisha kanuni nzima mbele ya mashahidi, na matokeo yake tumekuwa wagonjwa wawili.

Fundi akautoa mpira kwenye ungo. Akaugeuza, akapapasa mishono, akaubonyeza kwa gumba mahali palepale anapobonyeza Chaurembo. Alichukua muda wake. Kisha akamwambia Mama Zaituni, "Pepo huyu si wa mtoto. Huyu ni wa mpira. Anampanda anayeugonga, akimaliza anashuka. Utampunga mtoto siku arobaini na mwenyewe yumo humu, hayumo kwa mtoto."

"Sasa tufanyeje?"

"Ni wa shuleni. Arudi kwao shuleni, na mtoto arudi akasome. Mwalimu ndiye atakayemtunza. Au siyo, mwalimu?"

Akanitazama juu ya miwani. Mpaka leo sijui kama bibi yule alikuwa anaamini alichosema au alikuwa ananiokoa, na sikuthubutu kumuuliza. Najua tu kwamba Madam Kani wa ndani yangu alishafungua mdomo kusema hapana, hakuna wa shuleni wala wa wapi, ni hewa. Chaurembo akanikanyaga mguu. Kiatu chake kilikuwa cha jeshi.

"Ndiyo bibi," nikasema. "Ni wa shuleni. Nitamtunza mimi."

Nilikula kiapo cha kulea pepo, mimi, mwalimu wa fizikia, mzee wa kanisa mtarajiwa, mbele ya kijiji. Zaituni alitoka na sanduku lake kabla sijamaliza sentensi. Mtihani alifanya. Fizikia alipata alama ambayo mpaka leo mkuu wa shule aliyefuata anaitaja kwenye vikao vya wazazi, kama vile aliipata yeye.

Mnaomfahamu mnajua mengine. Alisoma mpaka chuo kikuu, akarudi Kisarawe kwa kuomba mwenyewe, na sasa ndiye aliyechukua vipindi vyangu na timu yangu. Wasichana wake wanabisha hodi kwa mkwe kila jioni, na nasikia mwaka huu wapinzani wameanza tena kukimbia.

Juzi nilipokuwa namwagilia mchicha simu ikaita, nikadhani ni wale wa kuuliza kama nimezoea. Alikuwa Mama Zaituni. Aliniamkia, akaniuliza hali ya miguu, akanipa pole ya kustaafu kama ya msiba. Kisha akateremsha sauti.

"Mwalimu, sasa wewe umeondoka. Yule bwana wa mpira umemwacha na nani?"

Nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema ukweli wa kisayansi. Nilikuwa peke yangu, Chaurembo hayupo wa kunikanyaga.

"Nimemwacha na mwanao, mama," nikasema. "Ndiye mwalimu wa fizikia sasa."

Nikasikia kuku wake na mtu anatwanga. Nikaogopa kwamba nimeharibu tena.

"Anamweza?" akauliza.

"Anamweza kuliko mimi."

"Haya, alhamdulillahi," akasema Mama Zaituni. "Ila mwambie akija Idi amwache huko huko. Mimi nina makopa yangu nje."